Maiti ya Mabua

Gari la moshi la kwenda pwani lingepita Dodoma saa tisa alasiri, na Mbwana wa Kondoa angekuwamo, pingu mikononi. Ndivyo alivyoamua Bwana Shauri, Mjerumani mwamuzi wa kesi pale bomani, Jumapili jioni, baada ya kusikiliza kesi kwa muda ambao mtu mwenye haraka humaliza kikombe cha kahawa. Mke wa Mbwana, Kuluthumu, alikuwa hajulikani aliko tangu Jumamosi. Kanga yake ilikuwa imeokotwa kisimani Msalato ikiwa na damu. Na Mbwana mwenyewe, Jumamosi hiyohiyo asubuhi, alikuwa ametamka mbele ya watu kwamba mke wake akiingia kwenye picha za Mzungu atamchinja. Mdomo ulikuwa umemponza. Huko pwani wakubwa wangemhukumu, na kila mtu pale bomani alijua kwamba hukumu yenyewe ilikuwa kamba.

Ombasha Athuman, askari wa boma, aliomba apewe asubuhi ya Jumatatu. Alikuwa Mrangi kama Mbwana, na Bwana Shauri alimkumbusha jambo hilo bila kupepesa macho. Athuman akajibu kwamba kesi ina kanga, ina vitisho, ina mume mkali, lakini haina mwili. Bwana Shauri alifikiri kidogo, akamruhusu aende, ila akamwonya kwamba gari la moshi halimsubiri ombasha.

Athuman alitoka Dodoma alfajiri kwa miguu, na jua lilipoanza kuuma shingo alikuwa Msalato. Alikuta mizigo inafungwa. Bwana Rodewald, Mjerumani aliyekuja na sanduku la kupigia picha zinazotembea, alikuwa naye anaondoka na gari hilohilo la saa tisa, na wapagazi walikuwa wakikaza kamba kwenye makasha yake kana kwamba wanakimbia njaa.

Mzungu huyo alikuwa amefika Ijumaa. Kazi yake ilikuwa kutengeneza filamu fupi ndani ya siku mbili, Jumamosi na Jumapili, na hadithi yenyewe ilikuwa fupi vilevile: mzee mwenye ng'ombe anauawa na wezi, analiliwa, anazikwa, basi. Kazi ya namna hiyo haifanywi na mtu mmoja. Yeye mwenyewe alizungusha mpini wa sanduku. Yotham, kijana wa misheni aliyepindukia miaka ishirini na mitano, alibeba ile miguu mitatu ya kulisimamishia, akahesabu kwa sauti ili mkono wa bwana wake usikimbie wala usizubae, kisha akasaidia kuziosha filamu gizani. Matonya, Mgogo mrefu mwenye bangili ya shaba na sauti ya kuitia ng'ombe bonde zima, ndiye aliyewakusanya watu na kuwaambia wasimame wapi. Bibi Loisi, mzee wa Kigogo, aliwafundisha wanawake kulia. Kuluthumu, ambaye siku zote aliuza vitumbua pale stesheni, aliajiriwa kupika.

Bwana Rodewald alipompa Athuman mkono hakuinuka kitini. Kwa Kiswahili chake cha kukatakata alisema mpishi amekimbia au amekufa, yote mawili ni hasara kwake, maana tangu Jumamosi anakula mkate wa kopo. Akaitazama saa yake ya mfukoni. Jua likifika utosini, mizigo inaondoka.

"Nitamaliza kabla ya hapo, Bwana," alisema Athuman, ingawa hakujua atamaliza nini.

Alianzia jikoni. Mpelelezi mwingine angeanzia kisimani kwenye damu, lakini Athuman alikuwa na mama na dada watano, na aliamini kwamba mwanamke akitoweka jiko ndilo linaloshuhudia kwanza. Mafiga matatu, majivu, na juu yake sufuria kubwa ambayo hakuna mwanamume aliyeona ni kazi yake kuiosha. Ndani wali ulikuwa umeungua mpaka chini. Aliinama, akavunja kipande cha ukoko kwa kisu, akakitia ulimini, akatema.

Marko, mnyapara wa wapagazi wa Kinyamwezi, alimtazama kwa huruma. Alimwambia kwamba huo ni wali wa Jumamosi alasiri, wao wenyewe waliukataa.

"Mlikataa kwa sababu umeungua, au kwa sababu hauna chumvi?"

Marko hakujua kama hauna chumvi. Hakuna aliyeonja. Athuman akauliza chumvi inakaa wapi, na Marko akaonyesha kwa kidevu ile tembe iliyokuwa peke yake upande wa mashariki, nyumba ndefu ya udongo, paa bapa, haina dirisha hata moja. Bwana Rodewald alikuwa ameikodi Ijumaa kwa kuwa ndani yake kulikuwa na giza zuri la kuoshea filamu. Makasha ya chakula yalikuwa humohumo ili mbuzi wasiyapekue.

Athuman alisimama pale mafigani akiyatazama majivu. Mke anayemkimbia mumewe haanzi kwa kubandika wali wa watu ishirini. Na mke anayeitwa na mumewe pembeni huupakua kwanza, au humwomba mtu autazame. Kuluthumu aliuacha motoni kwa kuwa alijua anakwenda mara moja tu na kurudi.

Alikwenda hadi tembe. Nje ya mlango kulikuwa na jiwe la kusagia, la aina ile iliyo kila kaya ya Ugogo, na mwenye nyumba alikuwa amehama tangu Ijumaa. Jiwe lilikuwa safi. Halikuwa na unga wala vumbi, na Dodoma kitu kikikaa nje siku tatu bila vumbi, basi vumbi hilo limeombwa ruhusa. Athuman alipitisha kidole kwenye ukingo wake, kidole kikatoka na majivu kidogo. Mtu alilisugua kwa majivu.

Matonya aliitwa. Alikuja kwa mwendo wa mtu mwenye kazi nyingi, wakaamkiana vizuri, "mbukwa" kwa "mbukwa", wakaulizana hali za ng'ombe na za mvua. Kisha Athuman akamtaka aeleze Jumamosi alasiri. Matonya alieleza bila kusitasita. Watu wote walikuwa wamekwenda na ng'ombe kule mtoni kusubiri kipande kingine cha mchezo. Bwana na Yotham walikuwa ndani ya tembe wakiosha filamu. Yeye aliwekwa mlangoni alinde.

"Nani alikuja mlangoni?"

"Hakuna mtu."

"Kuluthumu?"

"Nilimwona kwa mbali, Ombasha. Alikuja mumewe, wakashikana kwa maneno, wakaenda njia ya kisimani. Mambo ya mke na mume mimi siyaingilii."

Lilikuwa jibu jema, tena lilikaa sawasawa na ile kanga. Ndilo jibu alilompa Bwana Shauri, na ndilo lililomfunga Mbwana pingu. Athuman alimshukuru, akaingia ndani ya tembe kumtafuta Yotham.

Yotham alikuwa akifunga filamu za mwisho kwenye makopo. Alikuwa amevimba macho. Athuman alimuuliza kama alilala, akajibu kwamba jana alifanya kazi siku ya Bwana Mungu na sasa mambo haya yote yameanguka, wala hadhani ni bahati mbaya. Athuman hakuwa na fatwa ya kumpa. Alimwomba amwonyeshe filamu.

Yotham alisita, akachungulia nje, kisha akavuta utepe mrefu kutoka kopo la Jumamosi, akaunyosha mbele ya mlango ili jua lipite. Akampa na kioo cha kukuzia. Athuman aliinama, na aliyoyaona yalimfanya arudi nyuma hatua mbili na kusoma Ayatul Kursi kimoyomoyo. Watu waliokuwa kwenye utepe ule walikuwa weupe kama waliochimbuliwa kwenye chokaa. Meno yao yalikuwa meusi. Mbingu ilikuwa nyeusi, na ng'ombe mweusi aliyemjua, dume la jumbe, alikuwa anang'aa.

"Ndivyo ilivyo kabla ya kugeuzwa," alisema Yotham. "Cheusi huwa cheupe. Watakuja kuigeuza Ulaya kwenye filamu nyingine. Hata mimi mara ya kwanza nilikimbia."

Athuman alijikaza, akarudi kutazama. Picha zilikuwa ndogo kama ukucha, moja chini ya nyingine, mtu akiinua mguu kidogokidogo toka hii hadi hii. Alizifuata kwa kidole. Karibu na mwisho akakuta doa, jeusi, pana, limekula picha sita au saba.

"Hili ni nini?"

Yotham alisema ni mwanga. Filamu ikiwa bado haijakaa sawa, mwanga ukiigusa inaungua. Jumamosi alasiri, wakiwa katikati ya kazi, ngozi iliyotundikwa mlangoni kuzuia mwanga ilifunuka kidogo kisha ikarudi. Bwana Rodewald alitukana kwa Kijerumani, wakaendelea, maana filamu ikishaingia kwenye dawa huwezi kuiacha.

"Ulisikia nini?"

"Kishindo. Kimoja tu. Nikadhani ndama amejigonga ukutani."

"Mlitoka baada ya muda gani?"

"Kama saa nzima. Tulipotoka Matonya alikuwa mlangoni, amekaa vilevile."

Athuman alitoka, akamuuliza Matonya tena, kwa upole uleule. Matonya hakubabaika hata kidogo. Alisema ni upepo. Naam, kwa Dodoma nani angembishia? Upepo wa pale haupigi hodi. Athuman aliitikia kwa kichwa, akarudi ndani amechukia, kwa sababu lilikuwa jibu jema la pili, na majibu mema mawili mfululizo yalikuwa yanamsogeza Mbwana karibu na kamba.

Akamtaka Yotham amwonyeshe na ya Jumapili. Ilikuwa ile ya maziko. Hapo Yotham ilimbidi aeleze, maana Athuman alikuwa amesikia juujuu tu. Hakuna Mgogo aliyekubali kulala chini aliliwe. Kumlilia aliye hai ni kumwonyesha njia ya kaburini. Ndipo Bibi Loisi alipopata akili: akatengeneza maiti ya mabua ya mtama, akaikunja magoti kama inavyotakiwa, akaishonea ndani ya ngozi mbichi ya fahali aliyechinjwa kwa kitoweo. Jumamosi asubuhi yote aliwafundisha wapagazi kuibeba na kuilaza kaburini, kwa sababu Wagogo hawakutaka kuigusa hata hiyo. Jumapili yeye hakuja, alikwenda kusali. Mazishi yakafanywa bila yeye, kwenye zizi la zamani pale mahame, wanawake wakiwa wamekaa mbali kule nyuma, wamegeuza migongo.

Athuman alitazama. Wapagazi wanne weupe wanateremsha mzigo. Wanatoka. Mtu mrefu anaingia kaburini, anainama, mikono yake inashughulika na mzigo, anapanda juu. Udongo. Hakuona la ajabu. Maiti, hata ya mchezo, lazima mtu ashuke aiweke vizuri. Alimrudishia Yotham utepe wake, akamwambia asifunge kopo hilo bado.

Jua lilikuwa linapanda. Athuman aliizunguka tembe mara moja, mara mbili, bila kujua anatafuta nini, na pale nyuma, chini ya kibanda cha nyasi, akamkuta ndama amefungwa, anatafuna. Alikuwa ameshampita. Akarudi.

Ndama alikuwa anatafuna mabua ya mtama. Sehemu kubwa alikuwa ameimaliza, lakini yaliyobaki yalikuwa bado yamefungwa kwa kamba ya ukindu, mafundo matatu, mafundo ya mikono ya kike. Na mabua yenyewe yalikuwa yamekunjwa. Pale katikati yalikuwa yamepinda, kama goti.

Athuman aliinama, akalichomoa lile goti la mabua. Kama maiti ya mabua iko hapa inaliwa na ndama, jana walizika nini?

Alimwita Marko, akamuuliza kuhusu uzito wa mzigo. Marko alikiri kwamba Jumamosi ule mzigo ulikuwa mwepesi, watu wawili waliubeba wakicheka, na Bwana Rodewald akakasirika kwamba maiti haining'inii kama maiti. Akaamuru itiwe mchanga. Matonya akasema atautia yeye, akauweka kwenye kile kibanda cha nyuma ya tembe. Jumapili wakabeba wanne, na ukawavunja mabega.

"Na nzi?"

"Ngozi mbichi, Ombasha. Nzi ni haki yake." Kisha Marko akamtazama usoni, akaona lile goti la mabua mkononi mwake. "Ombasha. Mimi nilishika upande wa kichwa."

Walikwenda mahame wote. Athuman aliwaamuru wapagazi wafukue, na Matonya akasimama mbele yao, akasema kufukua kaburi ni mkosi hata kama ni la mchezo, mvua haitakuja. Bwana Rodewald naye akaja akiwa na hasira na saa yake mkononi, akauliza ni nani atakayemlipia muda wake. Athuman alimwonyesha mabua. Mzungu aliyashika, akayageuza, akayarudisha, akamwamuru Yotham alete sanduku.

Walichimba taratibu. Hakukuwa na kina kirefu. Ngozi ilipoonekana Marko aliikata uzi kwa kisu chake mwenyewe, na kwanza ukatoka mkono, wenye hina ya zamani kwenye kucha. Mmoja wa wapagazi aliketi chini palepale alipokuwa. Wanawake waliokuwa wamefuata kwa mbali walinyamaza. Jana walilia kwa kufundishwa, kwa zamu, kila Bwana alipoinua mkono. Leo sauti haikutoka.

Kuluthumu alikuwa amelala kwa ubavu, magoti yamekunjwa, kiganja chini ya shavu. Nyuma ya kichwa nywele zilikuwa zimegandamana kwa damu.

Katika ukimya ule Athuman alisikia mlio mdogo wa chuma. Aligeuka. Bwana Rodewald alikuwa amesimamisha ile miguu mitatu, jicho amelitia kwenye sanduku, mkono uko kwenye mpini. Bila kugeuza kichwa alimwamuru Yotham ahesabu. Yotham alikuwa amesimama kando yake kama kawaida. Hakuhesabu. Bwana Rodewald aliamuru tena, na Yotham akaendelea kunyamaza, machozi yakimshuka, na mpini ukaanza kwenda haraka, kisha polepole, kisha haraka, kama mtu aliyepotea njia, mpaka mwishowe ukasimama wenyewe.

Mzungu alifuta jasho. Kisha alisema jambo ambalo Athuman alikuwa analiogopa. Alisema sasa mwili umeonekana, vizuri, basi kesi imekwisha. Mume alimuua, akaona mzigo umeachwa kibandani bila mlinzi, akamficha humo. Atamwambia Bwana Shauri hivyo yeye mwenyewe.

Na maneno hayo yalikaa sawa. Mzigo ulikaa kibandani tangu Jumamosi alasiri hadi Jumapili. Kila mtu angeweza kuufikia, na Matonya angesema tu kwamba aliutia mchanga akauacha. Alikuwa ametafuta mwili ili amwokoe Mbwana, na mwili ulikuwa unamnyonga.

Wakati huo ndipo Bibi Loisi alipofika, amejishika kiuno, wanawake wamemfuata kumwita. Alikuwa mzee aliyebatizwa uzeeni, na alikuwa akisema kwamba maji ya ubatizo yalimfika moyoni lakini hayakumwingia masikioni, kwa hiyo mambo ya zamani bado anayasikia. Athuman alimwamkia, "Shikamoo, bibi." Hakuitikia. Alikuwa anatazama kaburini. Alitazama sana, kisha akauliza swali ambalo hakuna mtu aliyelitegemea.

"Nani amemgeuza?"

Athuman akamuuliza ana maana gani.

"Mimi niliwafundisha hawa asubuhi nzima: kulia, kulia, ubavu wa kulia. Kwa sababu yule wa mabua alikuwa mzee, mwanamume. Mwanamume kwetu hulala ubavu wa kulia, upande wa mkuki. Huyu amelala kushoto." Alielekeza mkono kwenye magoti. "Mwanamke ndiye hulazwa kushoto. Aliyemlaza hivi, mwanangu, alimjua kuwa ni mwanamke."

Huko kwao Athuman, Kondoa, kwa Waislamu, mtu hulazwa ubavu wa kulia, uso kibla, awe nani awe nani. Alikuwa ameutazama utepe mzima wa maziko, akamtazama mtu akimgeuza maiti ubavu, na jicho lake halikukwama popote, kwa sababu kwake ubavu haukuwa na mume wala mke.

Alimwambia Marko aseme kweli mbele ya watu, waliulaza mzigo upande gani. Marko akaapa: kulia, kama walivyofundishwa, na alikumbuka kwa sababu alimwogopa Bibi Loisi hata asipokuwapo. Kisha wao wakatoka kaburini.

"Yotham," alisema Athuman, "lete lile kopo."

Yotham hakumtazama bwana wake kuomba ruhusa. Alikimbia, akarudi, akaunyosha utepe juani. Bwana Rodewald alitaka kumzuia, kisha pengine mapenzi ya kazi yake yakamshinda, akachukua kioo cha kukuzia yeye mwenyewe na kuinama. Picha kwa picha, kwa kidole. Wapagazi wanateremsha mzigo, magoti yanaelekea huku. Wanatoka. Mtu mrefu mweupe anashuka. Anaingiza mikono chini ya mzigo. Picha nne, tano, sita, mzigo unageuka. Magoti sasa yanaelekea kule. Anaweka kiganja chake juu ya kichwa cha ngozi, picha kumi na mbili nzima hakiondoi, kisha anapanda. Kwenye mkono wake kuna bangili.

"Mashine yangu," alisema Bwana Rodewald polepole, na hakumaliza.

Wote wakageuka. Matonya hakuwa amekimbia. Alikuwa amesimama palepale aliposimama kuzuia jembe, anatazama miguu yake.

Athuman alimwendea, akasimama naye karibu kabisa, akamweleza kama mtu anayesimulia safari. Kuluthumu alikuja kuchukua chumvi. Hakukumbuka kwamba mlango umekatazwa, au alidhani kuingia mara moja si neno. Akafunua ngozi ya mlango. Mwanga ukaingia, Mzungu akatukana. Wewe ukamvuta.

"Bwana aliniambia mlango ukifunguka nitakula fimbo hamsa ishirini," alisema Matonya. "Mwaka juzi nilizila. Sitaki tena, Ombasha, mgongo wangu haujasahau. Nilimvuta mkono tu. Akaanguka na kisogo kwenye jiwe. Sikumpiga. Nilimwita jina lake, hakuitika."

"Na kanga?"

"Niliipeleka mimi kisimani."

"Na Mbwana?"

Matonya alinyoosha mikono ifungwe. Bibi Loisi alitoa sauti ndogo, ya mtu aliyechomwa na mwiba.

Athuman alitoa kamba. Alimfunga mikono bila kukaza sana, akamuuliza swali la mwisho, ambalo halikuwa la kesi. Alimuuliza kwa nini alimgeuza. Alikuwa ameshazikwa. Udongo ungefuata. Hakuna ambaye angejua mpaka kiama.

"Sikuweza," alisema Matonya. "Nilikuwa nimeshamuua na kumshona kama mzigo. Nikafikiri, angalau nimlaze kama mwanamke. Angefika huko amelala kiume, watu wake wasingempokea. Hilo ndilo jambo moja nililomtendea."

Athuman alimtazama. Angeweza kunyamaza, na baadaye, njiani, alijuta kwamba hakunyamaza.

"Alikuwa Mrangi, Matonya. Mwislamu. Kwetu mwanamke naye hulazwa ubavu wa kulia. Kama ungemwacha walivyomlaza wapagazi, ungekuwa umemzika kwa dini yake."

Matonya akaketi kwenye ule udongo uliofukuliwa, mikono imefungwa. Bibi Loisi alivua kaniki yake ya juu, akashuka kaburini peke yake na kumfunika Kuluthumu, asimguse wala kumgeuza, mpaka mumewe aje. Jua lilikuwa bado halijafika utosini. Athuman alimwinua Matonya kwa kwapa, wakashika njia ya Dodoma, na Marko akawatangulia mbio ili amwahi Mbwana kabla ya gari la moshi.